Brashi ya hewa na rangi ya akriliki: kwa nini huziba na jinsi ya kuzuia

Baada ya kipindi chetu kuhusu vijana wanaotengeneza mifano ya mabasi na malori kwa maboksi, mbao na plastiki, wasikilizaji wengi waliuliza swali moja: mbona brashi ya hewa inaziba kila mara? Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua. Yahifadhi kwenye simu yako uyasome ukiwa karakana.

Kwa ufupi

- Rangi ya akriliki ikikauka hairudi kuwa maji tena. Ikikauka ndani ya brashi, imeziba.
- Changanya iwe nyepesi kama maziwa, kisha ichuje.
- Anza na hewa, ndipo ulete rangi. Ukimaliza, funga rangi kwanza, hewa iwe ya mwisho.
- Usiache rangi imesimama kwenye kikombe, hata kwa muda wa kula.
- Usichokonoe nozeli kwa pini.

Kisa cha mstari mmoja mwekundu

Kijana mmoja alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, imeziba, na kesho mtu anakuja kuchukua basi lake." Alikuwa ametengeneza mfano wa basi kwa wiki tatu, na nusu ya malipo alikuwa ameshapokea. Kazi iliyobaki ilikuwa mstari mwekundu wa ubavuni tu. Alitia rangi kwenye kikombe cha brashi, akapuliza upande mmoja, akaitwa kula. Aliporudi, brashi ikaanza kutema matone, halafu ikanyamaza kabisa.

Kwa haraka akachukua pini akachokonoa tundu. Nozeli ikapasuka. Nozeli nyingine ilibidi iagizwe mjini, na basi la abiria lingeileta baada ya siku kadhaa. Akamalizia mstari kwa brashi ya kawaida, alama za nywele zikaonekana, mteja akaomba kupunguziwa bei. Akapunguza.

Nilipompigia, tulirudia hatua zake moja baada ya nyingine. Rangi haikuwa mbovu na mashine haikuwa mbovu. Hasara yote ilianzia kwenye ile rangi iliyoachwa imesimama wakati yeye anakula.

Brashi ya hewa ni nini?

Ni kifaa kidogo kinachoshikwa kama kalamu na kupuliza rangi kwa msaada wa hewa yenye mgandamizo. Mafundi wengine hukiita eabrashi. Ndani yake kuna sindano ndefu ya chuma ambayo ncha yake huziba tundu dogo la mbele liitwalo nozeli. Ukibonyeza kitufe, hewa hutoka. Ukikivuta nyuma, sindano hurudi, tundu hufunguka na rangi hupita. Hewa inayopita kwa kasi mbele ya nozeli huinyonya rangi na kuipasua kuwa ukungu. Brashi za aina hii huitwa za vitendo viwili, kwa sababu kidole kimoja huongoza hewa na rangi kwa wakati mmoja.

Kwa nini fundi wa mifano midogo aihitaji? Chukua basi la urefu wa mita 12. Ukilipunguza mara 24, unapata mfano wa sentimita 50. Mstari wa sentimita 10 kwenye basi halisi unakuwa takriban milimita 4. Kwa kipimo hicho, rangi nene ya brashi ya kawaida hufunika vishikio vya milango na mistari ya madirisha. Rangi ya kopo la kupuliza nayo hutoka nyingi kwa mara moja. Brashi ya hewa huweka tabaka jembamba, na umbo la kazi yako hubaki.

Sasa tazama ukubwa wa tundu. Nozeli nyingi za kazi hii zina upana wa milimita 0.2 hadi 0.5. Tundu la milimita 0.3 linakaribia upana wa punje moja ya chumvi ya mezani. Chembe moja ya rangi iliyokauka inatosha kulifunga.

Mkulima analijua tatizo hili. Ukiweka dawa ya unga kwenye bomba la mgongoni bila kuikoroga na kuichuja, nozeli huziba katikati ya shamba. Tofauti ni kwamba dawa iliyoganda mara nyingi huyeyuka ukiosha kwa maji. Akriliki iliyokauka haiyeyuki.

Kwa nini akriliki hasa?

Rangi ya akriliki ina vitu vitatu vikuu: maji, unga wa rangi, na vipunje vidogo sana vya plastiki vinavyoelea ndani ya maji. Maji yanapotoka, vipunje husogeleana, hugusana na kushikamana kuwa utando mmoja. Hilo ndilo linaloifanya rangi idumu juu ya kazi yako na isitoke ukiifuta kwa kitambaa chenye maji.

Lakini utando huohuo hujitengeneza pia mahali usipoutaka. Ncha ya sindano iko wazi mbele ya upepo wa kasi, na upepo hukausha. Kwa hiyo kila unapopuliza, kiasi kidogo cha rangi hukauka kwenye ncha. Utando hukua kidogokidogo mpaka rangi inapita pembeni, inatema matone, na mwishowe haitoki.

Joto na ukavu wa hewa huongeza kasi hiyo. Kazi iliyokwenda vizuri alfajiri inaweza kukusumbua saa nane mchana chini ya bati. Ukiweza, pulizia asubuhi au jioni, na usikae karibu na feni.

Ukauke huu wa ncha huwezi kuuondoa kabisa. Unaweza kuuchelewesha, na unaweza kuufuta kabla haujawa kizibo.

Kuchanganya rangi

Rangi zilizoandikwa kwenye chupa kuwa ni za brashi ya hewa huwa nyepesi tayari, na mara nyingi huhitaji kupunguzwa uzito kidogo tu. Rangi za chupa za kupakia kwa mkono na zile za tyubu ni nzito. Anza na sehemu moja ya rangi kwa sehemu moja ya kipunguza uzito, kisha jaribu.

Kipimo ni maziwa. Chovya kijiti kwenye mchanganyiko, pakaza ukutani mwa kikombe, uache uteremke. Ukiteremka taratibu na kuacha utando mwembamba kama maziwa kwenye glasi, uko sawa. Ukining'inia kama mtindi, ongeza kipunguza uzito. Ukiteremka kama maji na kuacha ukuta mtupu, umezidisha.

Kipunguza uzito kizuri ni kile cha kampuni iliyotengeneza rangi yako, kwa sababu si akriliki zote zinafanana. Rangi za akriliki za Tamiya, kwa mfano, huchanganyika vizuri na alkoholi. Rangi za Vallejo ni za maji, na ukizitia alkoholi zinaweza kuganda mabonge ndani ya kikombe. Fundi akisema "mimi natia spiriti na inakwenda," muulize kwanza anatumia rangi gani. Kisha jaribu matone machache kwenye kifuniko cha soda kabla ya kutia kwenye brashi.

Maji peke yake hupunguza uzito, lakini yakizidi rangi hukosa nguvu ya kushika na hujikusanya matone juu ya plastiki. Maji ya kisima chenye chumvi huacha mabaki. Afadhali maji safi ya mvua yaliyochujwa, au maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa kuongezea betri za gari. Angalia vizuri chupa unayonunua: asidi ya betri ni kitu kingine, na ni hatari.

Kuna pia dawa za kuchelewesha kukauka, ambazo huuzwa pamoja na rangi. Asiyezipata anaweza kujaribu gliserini ileile inayouzwa dukani kwa ajili ya ngozi, tone moja au mawili tu kwa kikombe kidogo. Ikizidi, rangi itabaki inanata kwa siku nyingi na kushika vumbi.

Baada ya kuchanganya, chuja. Kipande cha soksi ya nailoni ya kike, iliyo safi, kinatosha. Chembe nyingi zinazoziba nozeli hutoka mdomoni mwa chupa, pale rangi ilipokauka kwenye kifuniko. Futa mdomo wa chupa kila unapofunga.

Mwisho, changanya rangi kwenye chombo cha pembeni. Kabla ya kuimimina, tia matone mawili ya kipunguza uzito kwenye kikombe cha brashi. Kwa njia hiyo kitu cha kwanza kufika kwenye nozeli ni kioevu chepesi, na rangi nzito haitangulii.

Kuhusu rangi ya ukutani: hiyo imejazwa unga mwingi mzito na imetengenezwa kwa ajili ya rola na brashi pana. Usiitie kwenye nozeli ya milimita 0.3.

Hewa kiasi gani?

Kwa mifano midogo, psi 15 hadi 20 hutosha kwa rangi nyingi. Kwa kulinganisha, tairi ya pikipiki hujazwa hadi karibu psi 30. Wengi wakiona rangi haitoki huongeza hewa. Hapo wanaongeza tatizo, kwa sababu hewa ya kasi zaidi hukausha ncha haraka zaidi. Rangi ikikataa kutoka kwenye psi 20, iangalie kwanza rangi yenyewe. Huenda ni nzito.

Kompresa ndogo yenye tangi na geji ndiyo bora. Pasipo umeme, mafundi wa mifano katika nchi nyingi wametumia kwa muda mrefu hewa ya tairi au tyubu ya gari, wakiunganisha mpira wa brashi kwenye valvu kwa kiunganishi maalumu. Hewa yake hupungua unavyoendelea, kwa hiyo hufaa kazi fupi. Usijaze kupita kiwango cha tairi, na usitumie mtungi wa gesi wala tangi la kujichomelea. Vyombo hivyo vinaweza kupasuka na kuua.

Walioko pwani na kandokando ya maziwa wana tatizo jingine. Hewa yenye unyevu ikigandamizwa hutoa maji ndani ya mpira, na matone hayo hutoka ghafla juu ya kazi. Weka kichujio cha maji kati ya kompresa na brashi, na ukimwage mara kwa mara.

Namna ya kupuliza

Osha kazi kwa maji ya sabuni kama ni ya plastiki, iache ikauke, kisha paka praima. Kama ni ya boksi, izibe kwanza kwa praima au vanishi nyembamba, la sivyo karatasi itanyonya maji na kuvimba.

Halafu fuata mpangilio huu:

1. Bonyeza kitufe, hewa itoke peke yake.
2. Vuta kitufe nyuma taratibu, rangi ifuate.
3. Puliza ukiwa umbali wa sentimita 5 hadi 10, mkono ukitembea muda wote.
4. Rudisha kitufe mbele, rangi ifunge, hewa ikiendelea kutoka.
5. Achia kitufe, hewa ikome.

Mwanzo mzuri na mwisho mzuri ni hewa tupu. Ukifunga hewa kabla ya rangi, tone hubaki kwenye ncha. Tone hilo hukauka, na mara nyingine unapoanza hurushwa juu ya kazi yako.

Kila baada ya dakika chache, elekeza brashi kwenye karatasi na uvute kitufe hadi mwisho kwa sekunde moja, rangi nyingi ipite na kusukuma mabaki. Kisha lowesha kijiti cha pamba ya masikio kwa kisafishio na ufute ncha ya sindano taratibu. Ifute tu, usiisukume. Jizoeze kufanya hivyo kabla brashi haijaanza kutema.

Ukiitwa, hata kwa dakika tano, mwaga rangi, tia maji kwenye kikombe, puliza mpaka yatoke meupe, kisha acha maji kidogo ndani. Rangi iliyochanganywa ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko. Kama yule kijana angefanya hivi, angekula chakula chake kwa utulivu.

Rangi nyeupe na zenye kumetameta zinahitaji uangalizi zaidi. Nyeupe huwa na unga mwingi mzito, na zile za fedha na dhahabu zina vipande vidogo bapa. Zikoroge vizuri, zipunguze uzito zaidi, na kama unayo nozeli ya milimita 0.4 au 0.5, tumia hiyo.

Ishara na maana yake

- Matone badala ya ukungu: ncha ina rangi iliyokauka, au rangi ni nzito. Futa ncha kwanza, kisha angalia mchanganyiko.
- Hewa inatoka, rangi haitoki: nozeli imeziba. Simama hapo hapo, safisha.
- Mapovu kwenye kikombe: hewa inarudi nyuma. Nozeli imeziba, au haijakazwa vizuri.
- Rangi inatoka bila kuvuta kitufe: sindano haijafika mbele, au kuna uchafu kati yake na nozeli.
- Rangi inakwenda upande: mara nyingi ncha ya sindano imepinda. Ipitishe kidogo ukuchani, utaisikia ikikwaruza.
- Kazi ina vumbi gumu kama mchanga: rangi inakauka hewani. Sogea karibu, au punguza hewa.

Kusafisha mwisho wa kazi

Mwaga rangi. Futa kikombe kwa karatasi laini. Tia maji, puliza, rudia mpaka yatoke safi. Tia kisafishio cha akriliki, puliza kidogo, kiache ndani dakika chache, kisha puliza chote.

Halafu legeza kishikio cha nyuma na utoe sindano kwa kuivuta kwenda nyuma. Ifute kwa kitambaa chenye kisafishio kuanzia nyuma kuelekea ncha, ukiizungusha. Ukifuta kwa kurudi nyuma utaipinda ncha au utajichoma. Ukiirudisha, isukume polepole. Ikigusa mwisho, acha. Ukilazimisha, sindano huipanua nozeli na kuipasua.

Nozeli usiifungue kila siku. Ikibidi, ifungulie juu ya sahani nyeupe kwa spana yake yenyewe, maana ni ndogo na ikianguka mchangani huipati. Iloweke kwenye kisafishio cha akriliki au alkoholi ya isopropili, kisha isafishe kwa kibrashi chembamba cha kazi hiyo. Pini, waya na sindano ya kushonea ni ngumu kuliko ukuta wa nozeli. Kijiti cha mfagio nacho kinaweza kuvunjikia ndani. Wala usiipulize kwa mdomo, kama usivyopaswa kupuliza nozeli ya bomba la dawa.

Brashi nzima usiiloweke. Ina mipira ndani inayoharibika.

Baadhi ya mafundi hutumia dawa ya kusafishia vioo yenye amonia. Huilainisha kweli akriliki, lakini ikikaa muda mrefu inaweza kushambulia shaba iliyo ndani ya brashi. Itumie kwa muda mfupi, usuuze kwa maji. Usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Thina ya rangi za magari huondoa akriliki iliyoshindikana, lakini huharibu mipira, ina mvuke mbaya na hushika moto haraka. Kama huna njia nyingine, loweka nozeli ya chuma peke yake, nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara.

Mapafu yako pia

Kwa kuwa akriliki ni ya maji, wengi hudhani haina madhara. Ukungu wake ni plastiki na unga wa rangi, na ukiuvuta hukaa kifuani. Fungua madirisha, vaa barakoa inayozuia chembe ndogo, na usipulizie chumba wanacholala watoto. Kitambaa cha kawaida hakitoshi. Rangi ikiwa imeandikwa kuwa ina kadimiamu, usiipulize kabisa. Ipake kwa mkono.

Cha kuwa nacho mezani

Kabla hujaanza, panga mezani: maji safi, kisafishio, vijiti vya pamba, kipande cha soksi ya nailoni, karatasi ya kujaribia, chombo chenye kifuniko, barakoa. Na ukipata nafasi ya kwenda mjini, nunua nozeli ya akiba ya brashi yako. Angalia jina na namba ya brashi kwanza, kwa sababu nozeli za aina moja haziingii nyingine.

Yule kijana sasa ameifunga nozeli yake ya akiba kwenye kikopo cha filamu ya kamera cha zamani, kando ya kikombe cha maji. Aliniambia ameshapokea oda nyingine, ya lori safari hii. Nikamuuliza atafanyaje wakati wa kula. Akacheka: "Kaka, nala kwanza, ndipo natia rangi."